Bahasha ya Kuondoa Mkosi

Mtaa wa Zhongshan,
Dounan, Yunlin,
Taiwan.
12 Machi 2019

Mpendwa mdogo wangu Kun-lin,

Hujambo? Wifi yangu Li-hua na mtoto je? Baridi ya huko Toronto imepungua, au bado mnatembea mmejifunga kama magunia? Sisi huku hatujambo, na mimi ndiye mzima kuliko wote, kwa hiyo kaa kitako nikupe habari.

Unakumbuka nilivyogongwa Oktoba nikitoka sokoni na skuta yangu. Bwana Chuang, mkulima wa mananasi, alichomoka kichochoroni na pikapu bila kuangalia, goti langu likavunjika. Kumbe bima yake ilikwisha tangu Juni! Nilimtukana hadi nikasahau maumivu.

Gari likiwa halina bima, mfuko wa fidia ndio humlipa aliyeumia, kisha humdai dereva. Nilizihitaji fedha hizo kwa upasuaji wa pili. Bila huo, daktari alisema, ningetembelea mkongojo maisha yangu yote. Sasa nani angesimama kukaanga chapati za vitunguu pale kibandani?

Sikia basi aliyoyafanya shemeji yako Tien-fu. Bwana Chuang alikuja hospitali na kikapu cha matunda na bahasha nyekundu ya kuniondolea mkosi, dola za Taiwan elfu tatu na mia sita, kama ilivyo ada. Tien-fu, kwa adabu zake zilizopita kiasi, akamwandikia karatasi: "Tumepokea, mambo yamekwisha." Nakala yake akaiambatanisha na maombi yetu ya fidia, ati kuonyesha uaminifu! Watu wa mfuko wakagoma kulipa. Walisema tumeshapatana na dereva. Nilimnunia mume wangu wiki mbili nzima.

Januari tukaitwa mbele ya kamati ya usuluhishi. Afisa wa mfuko, kijana aitwaye Kuo, akaipunga ile karatasi.

"Mama, si mlipokea pesa nyie?"

"We mwanangu, elfu tatu unanunua goti? Labda la kuku!"

Watu wakacheka, isipokuwa Bwana Chuang. Angesema tu kwamba yalikuwa malipo, angeondoka huru, asidaiwe hata senti, nami nibaki na mkongojo wangu. Msuluhishi akamgeukia. Bwana Chuang akasimama, kofia mkononi.

"Hayakuwa malipo, mzee. Ilikuwa ya mkosi tu. Dada huyu nimemvunja mimi. Nidaini mimi, nitalipa hata kidogo kidogo."

Kuo akaiweka karatasi chini. "Hata mama yangu angenichapa nikiita bahasha ile malipo," akasema. Wakakubaliana mfuko unilipe, naye Bwana Chuang awarudishie kwa miaka mitatu. Nililia mbele za watu, Kun-lin, mimi niliyemtukana mtu yule.

Nilipasuliwa Februari. Jana nimekaanga asubuhi nzima nikiwa nimesimama kwa miguu yangu miwili! Bwana Chuang naye alikuwa kwenye foleni. Nikamwambia hapati chapati mpaka nione bima. Akaitoa mfukoni, mpya kabisa, akaiinua juu foleni nzima iione.

Msalimie sana wifi, na umbusu Yi-ting mashavu yote mawili. Mama mkwe na Tien-fu wanawasalimu. Mbingu iwafunike kwa heri hadi tuonane.

Dada yako anayekupenda siku zote,
Hsiu-luan