Ulipouliza Kama Uache Mululuza

Mama,

Nimepiga magoti kwanza ndipo nikashika kalamu, maana ningeanza habari kabla ya kukuamkia ungenikatiza. Niko chumbani kwako, Bwaise. Karatasi nimeiweka juu ya kitanda chako, magoti yanauma, na hakuna wa kuniambia niinuke.

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha ya kambini, uliyoipata kwa kuolewa na polisi wa kutoka Arua na ukaivunjavunja bila huruma mpaka mwisho wako. Baba alipokuwa hai alikuwa akikusikiliza na kucheka hadi machozi. Kwa Kiswahili hicho ulinigombeza, ukanibembeleza, na siku moja ukaniuliza swali. Ni hilo swali lililonileta hapa.

Maji yaliingia tena wiki iliyopita. Nilikimbilia kupandisha vijiti vyako vya mumbwa, ile dawa ya udongo ya wajawazito, juu ya kabati kabla hata ya kuokoa godoro, kama ulivyokuwa ukifanya, halafu nikakumbuka kwamba hakuna atakayekuja kuvichukua. Wajawazito wako walikuja mwanzoni. Walibisha, wakaniona na sare yangu ya uuguzi, wakageuka. Mmoja tu alinionea huruma, akaniambia, "Wewe hapana jua kukanda, nyabo." Ni kweli. Ule udongo na majani yaliyopondwa sikuwahi kujifunza kuukanda, kwa sababu mimi nilikuwa nasomea mambo ya maana.

Pale kituo cha afya ninapofanya kazi wametundika picha yako. Unakumbuka walivyokuja na mradi wao wa kuwashirikisha waganga wa miti shamba? Walikukalisha kwenye viti vya plastiki, wakakufundisha dalili za kifua kikuu na dalili za hatari kwa mjamzito, wakakupa fulana, glavu na kitabu cha kupeleka wagonjwa kwetu. Kila karatasi ilikuwa na vipande viwili. Cha juu mgonjwa alikuja nacho. Cha chini sisi tulitakiwa kukijaza na kukurudishia, ili ujue tumeona nini na tumempa nini.

Wewe ulifanya sehemu yako. Mtu akikohoa wiki mbili ulimfukuza kibarazani kwako aje kwetu wauguzi na madaktari: "Wewe enda kwa musawo. Mimi hapana cheza na kifua." Walikuja na karatasi zako, tukawatibu, wengi wakapona. Kipande cha chini hakikurudi hata kimoja. Ulikuwa ukiniuliza jioni, "Kalatasi yangu iko wapi?" nami nakujibu kwamba kazi ni nyingi. Mwezi uliopita nilikuwa natafuta mkasi kwenye droo, nikavikuta vyote, vimefungwa kwa mpira. Ilikuwa droo ya meza yangu, Mama. Nilitamani sana iwe ya mtu mwingine.

Sasa ile habari yenyewe.

Ulipoanza kukonda na kunywa jagi zima la maji kwa mkupuo, nilikupima hapa hapa nyumbani. Sukari. Jumatatu nikakupeleka kituoni kwetu, nikakukalisha kwenye benchi, na kabla hujaitwa nikakuinamia sikioni. Nilikuambia, "Wakikuuliza kama unatumia miti shamba, sema hapana. Usiniaibishe."

Nimeandika sentensi hiyo mara tatu kwenye karatasi nyingine ili mkono uizoee. Hauizoei. Picha yako ilikuwa kwenye kalenda ya mradi, umevaa fulana yao na unatabasamu, lakini kwenye chumba cha chai aliyekuwa anachekwa ni mimi. Waliniita mtoto wa majani. Nilicheka nao, ndiyo, na nilicheka kwa sauti kubwa kuliko wao.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alikuuliza vizuri, kama alivyofundishwa. Ulinitazama kwanza, halafu ukamjibu, "Hapana, dakitali. Mimi nakunywa maji tu." Faili lilikuwa mkononi mwangu. Kwenye mstari wa dawa nyingine nikaandika Hapana, kwa mwandiko wangu mzuri uliokuwa ukiwaonyesha majirani. Akakuandikia tembe za kushusha sukari, tukatoka.

Kesho yake ukanipigia simu. "Tembe nimekula. Sasa mululuza niache ama niendelee?" Ulikuwa ukiyanywa asubuhi na jioni, yale majani machungu ambayo mtaa mzima tunachemsha kwa malaria, na wewe ulikuwa umeyaanza kwa ajili ya sukari hata kabla ya tembe. Mbele yangu kulikuwa na foleni ya watoto wa chanjo na wote wanalia. Nikakujibu, "Endelea tu, Mama. Ni majani."

Ni majani! Laiti ningeyaheshimu hata kidogo, ningeyaogopa. Wewe ulijua yanashusha sukari, ndiyo maana ukauliza. Mara ngapi nimekusikia ukimwambia mtu, "Kama dakitali amekupa tembe, yangu uache kwanza." Kwa wagonjwa wako ulikuwa na akili zako timamu. Kwako mwenyewe ukamsikiliza musawo, kwa kuwa musawo huyo umemzaa. Na hapo nakukasirikia, Mama, ngoja niseme. Umenipinga maisha yangu yote, chumvi ya mchuzi, mwanamume niliyemtaka, hadi namna ya kufunga leso. Kwa nini siku hiyo ukanikubalia?

Jumamosi ulianza kutetemeka. Jasho likakutoka, ukawa unasema maneno yasiyoeleweka. Jirani yetu Hajati Zainabu akadhani ni malaria imekupanda kichwani, akakuchemshia mululuza, kikombe kikubwa, akakushikilia kichwa mpaka ukamaliza. Nani Bwaise asingefanya hivyo? Nilipofika saa tisa mchana ulikuwa kwenye mkeka. Mashine yangu haikutoa hata namba, iliandika tu kwamba sukari iko chini. Nilikupaka sukari ndani ya shavu kwa kidole huku nikikuita, na bado nayasikia meno yako kwenye kidole hicho. Kwenye hospitali kubwa walijaribu. Jua lilikuwa halijazama walipokuja kuniita pembeni.

Hajati huja kila Ijumaa na sahani ya pilau, anakaa hapo mlangoni na kukuombea. Habari ya kikombe sijamwambia na sitamwambia. Ana moyo mmoja tu na ameshakulilia vya kutosha.

Unajua waliandika nini walipofunga faili lako? Waliandika kwamba mgonjwa hakufuata maelekezo. Wewe! Ulifuata maelekezo hadi kaburini. Nilisoma mstari huo nimesimama, nikalirudisha faili kabatini, nikaenda kunywa chai. Niliendelea kunywa chai miezi yote hii, na mtu yeyote aliyekuwa akilifungua faili lile alisoma kwamba wewe, Nalongo wa kibarazani, mama wa muuguzi, ulikuwa mbishi wa dawa.

Jana wamefungua awamu mpya ya mradi. Kulikuwa na hema, ngoma, soda, wageni wenye magari marefu, na waganga wapya mstari wa mbele wamevaa fulana ambazo bado zina mikunjo. Picha yako waliikuza, wakaiweka karibu na kipaza sauti. Mkuu wa kituo akasema ulikuwa daraja kati ya mila na sayansi. Alisema daraja mara nne hivi, na kila mara watu walipiga makofi. Halafu wakaniita niseme neno kama mtoto wako. Neno lenyewe walikuwa wameshanichapia.

Sikulisoma. Nilisema, "Mama yangu alikuwa anakunywa mululuza. Mimi muuguzi nilimwambia afiche, nikaandika hanywi. Aliniuliza kama aache, nikamwambia aendelee. Faili linasema alikosea yeye. Nimekosea mimi." Mtu mmoja akaanza kupiga makofi kwa mazoea, akaacha. Nilitaka kuendelea, habari ya vile vipande vya chini, lakini mkuu alikuwa ameshanichukua kipaza sauti kwa upole sana. Akasema dada yetu bado ana majonzi. Muziki ukawashwa, soda zikagawiwa. Mwenzangu mmoja wa chumba cha chai alinipita bila kuniangalia. Jumatatu nimeitwa ofisini, na sijui kama nitatoka huko nikiwa bado na kazi.

Nilidhani nikisema nitakuwa mwepesi. Wapi! Nimelala nikiwa na uzito ule ule, na asubuhi nikavaa sare nikaenda zamu.

Mgonjwa wangu wa kwanza leo alikuwa msichana mwenye mtoto mchanga, wa wiki tatu tu, mwili umechemka. Nikamuuliza kwa sauti ya chini kuliko zote nilizonazo kama anamwogesha mtoto kwa kyogero, yale maji ya mitishamba tuliyoogeshewa sote, na kama amemnywesha kidogo. Akajibu haraka, "Hapana, musawo. Maji tupu." Nikamfungua mtoto nguo. Kwenye mkunjo wa shingo, chini ya kidevu, kulikuwa na kipande cha jani, kibichi, bado kina maji.

Sikuandika kitu. Niliweka kalamu chini, nikamwambia kwamba mama yangu mwenyewe alikuwa akitengeneza kyogero, kwamba sitamgombeza, kwamba nataka tu kujua ni majani gani ili dawa nitakayompa mtoto isigombane nayo. Nikamuuliza tena. Akamfunika mtoto, akavuta kitambaa mpaka kikafika kidevuni, akasema tena maji tupu. Nani amemfundisha kutuogopa hivyo? Ni sisi. Ni mimi, na sauti yangu ya miaka yote pale dirishani tunapopokelea wagonjwa.

Kesho anamrudisha mtoto kwa sindano ya pili. Nitamuuliza, na akikataa nitamuuliza keshokutwa. Jumatatu wakinifukuza nitauliza nikiwa hapa kibarazani, bila sare. Nakuahidi hivi, Mama: hakuna mtu atakayedanganya tena mbele yangu kwa sababu ya kunionea aibu, na atakayesema kweli sitamcheka, hata kama wote wanacheka. Na lile faili, kabla ya huo mkutano wao, nitalitoa kabatini. Nitakata ile Hapana, nitaandika mululuza, asubuhi na jioni, na chini yake jina langu lote.

Sikuombi unisamehe. Ungenisamehe haraka, na hilo silitaki bado.

Lala, Mama. Nainuka sasa, magoti yameisha. Kama yule msichana angekuja kwako leo asubuhi badala ya kuja kwangu, angekuwa ameshakuambia kila kitu kabla hajakaa.

Mwanao,
Aisha