Masale ya Shemeji

Jumanne, 4 Machi 2025
Mkutano wa kijiji. Mtendaji kasoma sheria: mita sitini kutoka mtoni hakuna kulima, miti ya asili irudishwe. Migomba yangu ya chini inaondoka. Inauma, ila sawa, mto umekonda hata mimi naona. Ardhi inabaki yangu, kasema.
Msimamizi wa kamati nani? Rogath! Mdogo wake marehemu mume wangu, tumepakana vihamba, mashamba ya urithi wa ukoo. Kasema nguzo za zege watu watazing'oa, tuweke alama kwa kupanda masale, Mchagga hang'oi isale. Wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Isale hapa si mmea tu, ndilo mpaka wa kihamba, aliyelipanda ndiye mwenye eneo. Mtendaji katokea Singida, atajuaje? Rogath anajua.

Alhamisi, 6 Machi
Wamepanda kwangu. Kwa Rogath eti vipimo bado. Masale yameanzia kona ya uzio wake, yamepita juu ya migomba yangu, yakashuka hadi mtoni. Kipande changu cha chini kimeungana na chake, upande wa kwake wazi kabisa — anaingia anavyotaka.
Nimemwuliza jirani yangu Salvina, naye yumo kwenye kamati. Kasema Mama Calvin, wewe unaona wizi kila mahali, hiyo ni miti tu. Pengine. Mbona hakuniangalia usoni?

Jumapili, 9 Machi
Baada ya ibada nimeshuka tena. Katikati ya miche ya mringaringa — parachichi! Yale ya kuuza nje. Tangu lini parachichi likawa mti wa asili wa hapa? Calvin akirudi kutoka Dar atakuta nusu ya kihamba cha baba yake ni shamba la baba mdogo.
Nimempigia mtendaji. Kesho asubuhi anakuja kuona kwa macho yake, nisimwambie mtu. Nimemwambia Salvina tu. Mjinga mimi.

Jumatatu, 10 Machi
Mtendaji bado. Rogath ndiye kafika. Nimemwambia asubiri nivae, naandika huku namwona dirishani. Kavua kofia. Mkononi jani la isale, limefungwa fundo.
Anaomba msamaha. Kwetu isale halikataliwi, hata kwa aliyeua. Nikilipokea nimesamehe, na shauri limekwisha, siwezi kulisema tena popote.
Nimemwuliza kupitia dirishani, kosa gani? Kasema, shemeji, pokea kwanza, tutaongea.
Pikipiki ya mtendaji inapanda kilima. Rogath naye kaisikia. Kasogea mlangoni, kanyoosha mkono na lile jani, nilipokee kabla mtendaji hajafika.