Upande wa Nne

Nyakato, Musoma

Mpendwa Dada Agness,

Natumaini barua hii itakukuta salama hapo Buswahili pamoja na watoto, na kwamba mgongo wa mama mkwe wako umepata nafuu baada ya palizi. Mimi ni mzima wa afya, nakula, nalala, na tangu wiki iliyopita nalala vizuri zaidi. Nimempa Grace akukabidhi mkononi kwa sababu simu yako inapokelewa na kila mtu hapo nyumbani.

Fredi ametolewa. Nimeona nianze na hilo ufurahi. Yule mkuu wetu wa TEHAMA aliyekusimamisha mbele ya wafanyakazi wote wa Bunda, akasema chanjo za ng'ombe ziliharibika kule Butiama kwa sababu wewe ulikuwa unachati kwenye dawati la huduma, sasa yuko ghalani hapa Musoma anapokea maboksi. Juzi nilipita nikamsalimia kwa heshima zote. Jana nikapita tena, ingawa sikuwa na shida yoyote ghalani.

Ilikuwa hivi. Ulipofukuzwa, kampuni ilinipeleka kwenye mafunzo ya usimamizi wa huduma za TEHAMA. Mwalimu wetu, Bi Kudura, alitufundisha kwamba huduma ina pande nne, na ikianguka sharti uzikague zote: watu na namna walivyopangwa, taarifa na mitambo, wabia na wazabuni wa nje, halafu njia ambayo kazi inapita kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Alisema ofisi nyingi zinaangalia mtambo tu, zikiukuta mzima zinamkamata aliyekuwa karibu nao. Darasa zima liliandika. Mimi nilikuwa nakufikiria wewe. Niliporudi nikaiomba bodi niruhusiwe kulipitia upya lile tukio. Fredi alicheka, akasema yeye anajuaga kompyuta, mambo ya pande nne ni ya kujazia semina.

Nilianza na watu, nikakuta alikuachia dawati zima peke yako, hakuna wa kukupokea hata ukienda kula. Nikaja kwenye njia ya kazi. Wewe ulikuwa unapiga simu Butiama kila asubuhi kuuliza kama mtambo unaochunga majokofu ya chanjo na kutuma tahadhari yakipata joto uko hewani, na yeye aliifuta simu hiyo kwa barua pepe, akaiita kupoteza muda. Kwa hiyo umeme ulipokatika na mtambo ukanyamaza, hapakuwa na mtu wa kuuliza umenyamazia nini. Tahadhari haikufika kwako kabisa, dada. Bodi ilimwamuru aisome ile barua pepe kwa sauti, na mimi nilikaa kiti cha mbele ili uso wake usinipite. Akasema hakujua. Sikumwonea huruma hata chembe.

Sasa kaa chini, na kama kuna mtu karibu yako, toka nje ndipo usome.

Bodi niliisomea pande tatu tu. Upande wa wazabuni nilisema bado naukagua, na huo ulikuwa uongo. Nilikuwa nimeshaumaliza. Mtambo wenyewe ulikuwa mzima, ila umeme ulipokatika betri haikuubeba. Aliyelipwa kufunga betri mpya ni shemeji Yusto, mume wako. Nilikwenda Butiama, mtunza ghala Burito akanifungulia kasha, nikaikuta betri yenye alama ya kuungua ubavuni na ua ambalo mwanao Nyamburi alilichora kwa rangi ya kucha. Ni ile yenu ya sebuleni, iliyokuwa inazima televisheni katikati ya taarifa ya habari. Ile mpya uliyonionyesha Krismasi nyuma ya kochi, ukimsifu mume wako anavyojali nyumba, ndiyo ya kampuni.

Kwa hiyo tangu siku ya kwanza alijua kwa nini mtambo ulinyamaza. Wafugaji wa hapo Buswahili walipoacha kukusalimia, alijua. Ulipolia alikwambia umwachie Mungu, akala chakula ulichompikia.

Nilinyamaza kwa sababu Fredi angejificha nyuma yake. Niliwataka mmoja mmoja.

Jumatatu bodi inakaa Bunda kusikiliza upande uliobaki, na wafugaji wameitwa. Wewe umeitwa usafishwe jina. Yusto naye nimemwalika mwenyewe, nikamwita mshirika wetu muhimu, na anaamini anaongezewa mkataba. Usimwambie kitu. Ukimwonya nitasoma vilevile, ila nitakuwa nimekujua. Siku ile ulisimama peke yako, dada. Jumatatu atasimama yeye, na wewe utakuwa umekaa.

Nibusie watoto, na mama mkwe mpe pole ya mgongo. Shemeji mwambie namsalimia sana, na kwamba avae vizuri.

Mdogo wako akupendaye,
Naomi