Nilivyokitembeza Kitabu cha Fatuma

Jumatano, Kismayo

Wote wanaisimulia vibaya habari ya leo. Eti nimekimaliza kitabu cha Fatuma pale kwenye baraza ya kahawa! Nilisimulia mwanzo tu, maana ndio alionisomea. Mimi najua herufi za Kiarabu za chuoni, za kitabu chake sizijui.

Fatuma ni binti wa jirani. Kakitunga mwenyewe, kakichapisha mwenyewe Mombasa, na maboksi yamelala dukani kwa mamake. "Babu, wachu wasiposoma, siandiki tena," aliniambia juzi. Neno hilo limenikera kuliko jino bovu.

Basi leo nikawapa wanywaji kahawa ule mwanzo. Mwanamke anarudi kisiwani Chula baada ya miaka mingi, anafungua nyumba yake, anakuta jikoni chungu cha mchu mwingine, bado cha moto. Hapo nikaikata hadithi, nikanywa kahawa yangu.

"Cha nani?" akaruka Shee mvuvi, ambaye hajagusa kitabu tangu utotoni.

"Kakiulize kitabu. Kiko dukani."

Wakaenda kukinunua! Hakuna ulimi kama wangu kutoka hapa hadi Ras Kamboni.

Alasiri nikamkuta Shee barazani, mkewe anamsomea. Nikauliza chungu ni cha nani.

"Kanunue, mzee!" Wakacheka wote wawili.

Fatuma naye kagoma kuniambia. "Ngoja kama wenzio, babu." Roho inaniwasha. Asubuhi nabisha hodi kwa Shee, nikae nisomewe.

Lakini kaanza kuandika cha pili, alhamdulillahi. Ila kanikazia macho: chungu chake kitabuni ni cha baridi.

Haya, kweli. Ule moto niliutia mimi.