Nani Atavuta Trela

Jumatatu, 6 Mei

Watu wa bima wamekubali: pikapu yetu imekufa, haitengenezeki. Basi tununue nyingine, na iwe kabla ya Juni. Ng'ombe hawatapanda wenyewe hadi malisho ya mlimani. Trela lipo, zima kabisa. Cha kulivuta hakuna.

Kaka yangu Verlin ameshaamua. Dizeli! Katika kaunti hii mwanamume anayevuta mifugo kwa petroli hutazamwa kama aliyekwenda mazishini na kaptura. Nimesoma historia za madhehebu yaliyochinjana karne nzima kwa ajili ya neno moja la sala. Wale walau walikuwa na sala.

Jumatano, 8 Mei

Kahawa mjini. Jirani yetu Orrin alinipigia kelele kutoka meza ya dirishani: Nedra, nasikia unanunua gari la kwendea saluni! Nikamjibu kwamba dizeli yake inalala gereji tangu Pasaka, nami nikitaka gari la kulala gereji nitamwomba ushauri. Mkahawa mzima ukacheka.

Verlin hakucheka. Alikata pai yake vipande vidogo vidogo, akasema dizeli hukushikia mzigo kwenye mteremko. Petroli inakuachia breki na Mungu.

Hapo ana hoja. Sikumwambia.

Ijumaa, 10 Mei

Kwa Kolstad, muuza magari. Verlin alikwenda moja kwa moja kwenye ile nyekundu: dizeli, viti vya ngozi, vioo kama masikio ya tembo. "Robo tatu tani hiyo, mzee wangu," Kolstad akasema, "ukitaka ing'oe nyumba, inang'oa!"

Nikafungua mlango, nikainama kusoma kibandiko cha uzito kwenye nguzo ya mlango. Wanaume wale wawili wakanitazama kama ninayempima ng'ombe meno dukani.

Hakuna anayekisoma! Trela letu ni la shingo ndefu. Shingo inakaa katikati ya bodi ya pikapu, na sehemu ya mzigo wote inalala mgongoni mwa gari. Kuvuta ni jambo moja, kubeba ni jingine. Nyekundu, kwa injini yake nzito na ngozi zake zote, inabeba ratili elfu mbili na kidogo. Shingo ya trela lenye ng'ombe inaweka elfu tatu. Pembeni yake palikuwa na nyeupe: petroli, viti vya kitambaa, sura ya gari la idara ya maji. Elfu tatu na mia saba.

Zote mbili zinaitwa "robo tatu tani", ndilo daraja lao la pikapu. Robo tatu ya tani ya nani? Zamani huenda lilikuwa kipimo. Leo ni jina la ukoo tu, kama mtu aitwaye Mhunzi asiyejua kushika nyundo. Na watu hawa hawa, wanaogombania ratili tano kwenye mizani ya mnada, wananunua gari kwa jina la ukoo!

Nikayasema hayo yote. Kwa sauti.

"Nimevuta trela miaka arobaini bila kusoma mlango," Verlin akasema.

"Na Machi je?"

Kolstad akakumbuka kwamba kuna mtu wa kumpigia simu.

Heri ningemeza ulimi.

Jumamosi, 11 Mei

Hatusemeshani.

Niandike hapa kwa kuwa haisemwi kwingine: mwezi wa Machi Verlin alizimia kwenye usukani. Uzio, mfereji, mbavu mbili. Daktari amemkataza kuendesha. Nyumbani tunaiita "ile barafu". Barabara ilikuwa kavu kama mkate wa juzi. Mimi, ninayeandika gazetini na kumchana diwani kwa kivumishi kimoja cha uongo, nami nasema "ile barafu", tena kwa uso mkavu.

Kwa hiyo dizeli si injini. Dizeli ni yeye bado kuwa dereva wa shamba hili. Akikubali ile nyeupe, amekubali kwamba nitavuka mlima mimi.

Na kama hatakubali? Atapanda usukanini siku ile ile ya kuhamisha ng'ombe, mbele ya majirani, nami nitamvutaje chini? Kwa hoja?

Jumanne, 14 Mei

Kolstad ametuachia nyeupe kwa siku moja. Tukafunga trela, tukapakia ng'ombe wanane.

Verlin akaenda kwenye mlango wa dereva. Nilikuwa nimeshakaa. Akasimama pale, kofia mkononi. Halafu akazunguka upande wa abiria.

Kupanda: polepole, kelele, malori mawili yakatupita. Sawa. Kushuka ndiko kulikotuleta.

"Shusha gia. Sasa! Kabla ya kona, si ndani ya kona!"

Nikashusha. Injini ikapiga yowe.

"Inalia!" nikasema.

"Iache ilie. Ikinyamaza ndipo uogope."

Breki nagusa, naachia. Aliniambia kila kona kabla hatujaiona — hii inajifunga mwishoni, hii ina upepo wa kushoto — bila kupaza sauti tena. Nilitii. Sikumbuki lini nilimtii mtu.

Chini tukasimama. Akashuka, akaweka mgongo wa mkono karibu na kila rimu kupima joto la breki, gurudumu kwa gurudumu, hadi la mwisho la trela.

"Vuguvugu," akasema. Kisha: "Ila kona ya tatu ulichelewa."

"Ulikuwa unanisemesha!"

"Ehe. Sasa kosa ni langu."

Tukacheka. Kidogo.

Alhamisi, 16 Mei

Naandikia kwa Kolstad, kwenye kiti cha wageni, kahawa kama maji ya kuoshea vyombo. Nje, nyekundu na nyeupe bega kwa bega. Verlin bado hajasema anataka ipi. Tulipofika alisema nipeni dakika, akaingia kwenye nyeupe — upande wa usukani! — akafunga mlango.

"Dada, mzee anataka kwenda kuijaribu?" Kolstad ananiuliza.

"Mwache."

Hajawasha. Mikono iko juu ya usukani. Ni mrefu, kofia inagusa paa. Mimi nikikaa pale natazama barabara kama mtoto anayechungulia mezani.

Kiti kinasogea mbele. Amekosea kitufe, nadhani. Kinasogea tena. Aliyeiosha alikuwa amekirudisha nyuma kabisa. Sasa magoti ya Verlin yamegota kwenye dashibodi, na bado anakisogeza. Anavua kofia. Anajikunja, kichwa chini, chini zaidi, hadi usawa wa macho yangu nikiwa pale usukanini. Anatazama kioo cha kushoto. Anakirekebisha. Anatazama tena, kwa muda, kama kuna trela nyuma.

Kolstad anauliza aandike hati ya ipi. Nimemwambia asubiri.

Anageukia kioo cha kulia —