Shahada ya Mbio

Jumanne jioni

Mkono bado unauma. Leo kikaoni nimempiga kocha Temu ngumi ya mdomo, damu ikarukia karatasi za mkuu wa chuo.

Wanataka kuanzisha shahada ya mbio, isiyo na mitihani, ili wanariadha wasichukuliwe na vyuo vya Nairobi. Mkuu anasema siku hizi ni soko huria. Nilivumilia, mpaka Temu akacheka: "Hawa watoto wa Uru wana miguu tu, mwalimu. Vichwa vya nini?"

Mimi ni mtoto wa Uru. Anselmi, mkimbiaji wetu bora, naye vilevile. Alikuja kusoma kilimo kwa sababu kahawa ya baba yake inakauka.

Saa kumi na mbili Temu akabisha hodi, mdomo umevimba, mkononi jani la isale. Kwetu, ukiletewa isale huwezi kukataa kusamehe. Nikalipokea kwa mikono miwili. Ndipo akatoa fomu ya ile shahada, maana haipiti bila saini ya mkuu wa idara, yaani mimi.

"Basi saini, yaishe."

Nikaichana, nikamtupia vipande usoni. Mshenzi! Kuja na isale kuombea fomu!

Kusamehe, nimesamehe. Kusaini, wauvunje kwanza huu mkono.