Ishara Saba za Seremala

Dada Feza mpendwa,

Nakusalimu kutoka Lubumbashi, baridi ya asubuhi ikiniumiza vidole. Leo seremala kiziwi aliomba kazi hapa ofisini, na ni mimi tu niliyejua ishara za shule yenu ya viziwi. Alinionyesha vitu saba anavyotengeneza. Nikamtajia mkubwa wa ofisi vinne, vilivyobaki vikanipotea, nikaogopa nitamkosesha kazi. Nikamwomba arudie, nami nikanong'ona jina la kila kitu.

"Sitwayeni, uko unasali?" mkubwa akauliza, akiniita raia kama kawaida yake.

Safari hii nilivitaja vyote, na seremala amepata kazi. Nitakuwa mkalimani wake, ndiyo maana nauliza kwa hofu: mimi vitu vya kukumbuka navihifadhi mdomoni, kwa kunong'ona, wewe usiyesikia tangu kuzaliwa, unavihifadhi wapi?

Mshike mama mkono kwa ajili yangu.

Mdogo wako, Kalume